Usiniulize Kama ni Orijino, Niulize Limejengwaje

Ukitaka kuwajua wapenda magari walivyo, subiri Cobra, lile gari la mbio la miaka ya sitini, iingie kwenye mkusanyiko wao. Boneti ndefu, fenda zilizovimba, egzosi zinazopita ubavuni chini ya mlango, na mngurumo wa V8, injini ya silinda nane, unaofika kabla gari lenyewe halijaonekana. Watoto wanalikimbilia, watu wazima wanatoa simu kupiga picha. Halafu mmoja anauliza, mwenye gari anajibu kwamba amelijenga mwenyewe nyumbani, na pale pale nusu ya watu wanapoa. Simu zinarudi mfukoni. Kuna anayesema "feki" kwa sauti ya chini, ila si ya chini kiasi cha kutosikika.

Gari ni lile lile walilokuwa wakilishangilia punde. Nimeishi Uingereza, huku Midlands, muda wa kutosha kuliona jambo hili likijirudia kwenye maonyesho ya magari, na mpaka leo linaniudhi. Nimeshinda gerejini na watu wanaojenga magari haya. Nimeshika mashine ya kupigia ribiti, nimevuta harufu ya faiba mbichi mpaka kichwa kikaniuma, na ninajua kazi iliyomo ndani yake. Lakini wanaodharau nao hawana kosa lote. Yapo magari ya nakala yanayostahili kukosolewa, na sisi tunaoyatetea tumekuwa wazito kulisema hilo hadharani.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: gari la kujiundia ni lile ambalo unanunua chesisi na bodi kutoka kiwanda kidogo, kisha injini, giaboksi, difu na breki unazitoa kwenye gari la zamani unalolichinja. Unaunganisha uani kwako, miezi au miaka, mpaka liwake. Mengine yana umbo lake yenyewe. Mengine yanaiga umbo la gari maarufu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ninachoamini mimi ni kwamba dharau ile haitokani na kunakili kwenyewe. Inategemea gari la asili lilikuwa likiuza nini. Yako magari matatu yanayonionyesha hivyo, na kila moja limepokelewa kwa namna yake.

La kwanza ni Lotus Seven, ambako neno feki husikii kabisa. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilitoa mwaka 1957: mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa kuwa fremu, mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti juu yake, injini mbele, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, viti viwili vilivyo chini sana, na uzito wa kama kilo 500. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikitoza kodi ya mauzo kwenye gari kamili, ilhali vipuri vya gari la kujiundia havikuguswa. Lotus ikawa inauza Seven kwenye makasha. Sheria nayo ilikuwa na jicho: makasha yakija na maelekezo ya kuunganisha, hilo lilihesabiwa kuwa gari. Kwa hiyo, kama inavyosimuliwa mpaka leo, Lotus ilitoa maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, VAT ikachukua nafasi yake, na faida ya makasha ikaisha. Mwaka huo huo Lotus ikawaachia Caterham, waliokuwa wauzaji wake huko Surrey, haki ya kuendelea kulitengeneza. Wanalitengeneza hadi leo, na hadi leo unaweza kulinunua likiwa vipande. Miaka ya tisini mwalimu mmoja wa shule ya Oundle, Uingereza, Ron Champion, akaonyesha kwamba mtu mwenye mashine ya kuchomelea, mabomba ya mraba na Ford Escort kuukuu anaweza kujijengea gari la namna hiyo kwa pauni 250. Magari ya mtindo huo yakapewa jina la Locost. Afrika Kusini nako Birkin wamekuwa wakitoa ya kwao tangu miaka ya themanini.

Ukiyaona yamepangwa, ya Caterham, ya Birkin na yale yaliyochomelewa bandani, wenye nayo wanataniana kweli kweli, ila utani wao ni wa shokapu na matairi. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba lake si gari. Seven iliahidi mambo mawili tu, wepesi na kukata kona, na hayo unayapima mwenyewe kwenye kona ya kwanza. Gari la bandani likikata kona vizuri, limetimiza ahadi yote ya lile la kiwandani. Halina la kuficha.

Jirani yangu, fundi mstaafu wa kutengeneza zana za viwandani, anajenga la aina hiyo kwa vipuri vya Mazda MX-5 iliyoliwa na kutu. Mimi nilikuwa msaidizi wa kushika bati. Nilichojifunza kwake ni kwamba alumini haikimbizwi. Kwanza anaweka utepe wa gundi laini kwenye kila bomba la fremu, maana alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kisha analaza bati, anatoboa, anabana kwa vibanio vidogo vya springi, anakagua kwa kiganja kama kuna mahali pameinuka. Ribiti ya kwanza inaingia katikati ya bati, na zinazofuata zinaelekea pembeni pande zote mbili, ili mkunjo ukitokea usukumwe utoke nje badala ya kunaswa ndani. Ubavu mmoja ulimaliza wikendi nzima. Alipomaliza aliugonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Mahali palipolia tofauti alipafungua akaparudia, ingawa hapo ni nyuma ya kiti ambapo hakuna atakayepaona. Mtu wa namna hii ukimwambia gari lake ni la kuigiza, hujui unachokitukana.

Cobra ina hadithi nyingine. Hiyo tangu kuzaliwa kwake ilikuwa gari la kuungaunga. AC Cars wa Thames Ditton walikuwa na gari dogo la wazi linaloitwa Ace, zuri lakini lililokuwa likipoteza injini yake ya Bristol. Carroll Shelby, Mtexas aliyeshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1959 akishirikiana na Roy Salvadori ndani ya Aston Martin, alikuwa amelazimika kuacha mashindano kwa ajili ya moyo. Mwaka 1962 akaoanisha mwili wa Kiingereza na V8 ya Ford. Gari la kwanza, namba CSX2000, lilipigwa rangi tofauti kila lilipopelekwa kwa waandishi wa magazeti, ili watu waamini kwamba magari mengi yameshatoka wakati lilikuwepo moja tu. Gari hilo hilo liliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75.

Mpaka mwaka 1967 Cobra zilizotoka hazikuzidi sana elfu moja. Zilianza na injini ndogo ya V8, zikafika lita 4.7, zikaishia na ya lita 7 ambayo wachache waliimudu barabarani. Leo nakala zake ni nyingi kupita za asili kwa mbali sana. Massachusetts kuna Factory Five, iliyoanza mwaka 1995 kwa wazo la kuchinja Ford Mustang ya zamani na kuvalisha vipuri vyake umbo la Cobra. Na hapa Waafrika tuseme kwa sauti: baadhi ya nakala zinazoheshimika kuliko zote duniani zinatoka Gqeberha, ule mji tuliokuwa tukiuita Port Elizabeth, kwenye kiwanda cha Hi-Tech kinachojenga magari ya Superformance. Magari kadhaa mliyoyaona kwenye filamu ya Hollywood ya mwaka 2019 kuhusu Ford na Ferrari kule Le Mans yalikuwa ya Superformance. Watu walitoka sinema wakisifu uzuri wa magari ya kale, kumbe baadhi ya hayo waliyoyasifu ni kazi mpya ya mikono ya mafundi wa Rasi ya Mashariki.

Kwa nini basi Cobra ya nyumbani inapoza watu? Nadhani ni kwa sababu Cobra iliuza vitu viwili kwa pamoja. Iliuza nguvu, na nguvu hiyo nakala inayo, pengine kuzidi, kwa sababu V8 ya leo ina pumzi kuliko ya mwaka 1965, na breki za leo zinasimama. Lakini iliuza pia historia, yaani yale mashindano, yale majina, ile miaka michache ambayo kundi dogo la Shelby huko California liliwasumbua Waitalia hadi likatwaa ubingwa wa dunia wa magari ya GT mwaka 1965. Hiyo haijengeki uani. Mtazamaji anayepoa alikuwa amesimama mbele ya historia, akaambiwa historia haipo. Ninamwelewa. Ninachomlaumu ni kwamba anaondoka bila kutazama kilichopo.

Tena historia yenyewe haiko safi kama tunavyopenda. Mwaka 1993 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba chesisi za Cobra zilizokuwa zikinadiwa na Shelby kama masalio ya mwaka 1965 zilikuwa zimetengenezwa upya si zamani. Baadaye Shelby huyo huyo aliwapeleka wanakili mahakamani, na hatimaye Superformance wakawa wanajenga kwa leseni yake. Kwa hiyo leo kuna Cobra za mwanzo, kuna zilizotoka baadaye kwa baraka za Shelby, kuna zenye leseni na zisizo na leseni, na anayesema "orijino" inabidi aseme anamaanisha ipi.

Sasa Ferrari, ambako chuki ni ya wazi kabisa.

Miaka ya themanini Pontiac walitoa gari dogo linaloitwa Fiero, kuanzia mwaka 1984 hadi 1988. Injini yake ilikaa katikati, nyuma ya viti, na bodi yake ilikuwa paneli za plastiki zilizofungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma. Kwa mwenye akili ya gereji ule ulikuwa mwaliko. Ondoa paneli zote, funga za faiba zenye umbo la Ferrari, na gari linabaki likiendeshwa kama zamani. Kampuni moja ilitoa nakala ya Ferrari 308 iliyoitwa Mera, ikauzwa hata kupitia mawakala wa Pontiac, hadi Ferrari walipokwenda mahakamani. Kipindi maarufu cha televisheni cha polisi wa Miami kilimwendesha shujaa wake ndani ya Ferrari Daytona ambayo chini yake ilikuwa Chevrolet Corvette. Ferrari hawakufurahi. Gari lile likalipuliwa ndani ya kipindi, na shujaa akaonekana kwenye Testarossa nyeupe ya kweli.

Kesi iliyoweka mstari ni ya mwaka 1991, ya Ferrari dhidi ya mtengenezaji mmoja wa nakala huko Indiana. Hoja ya mtengenezaji huyo ilikuwa rahisi: wateja wake wanajua kabisa hawanunui Ferrari, sasa nani amedanganywa? Majaji wengi wakaona wanaodanganywa ni watu wa barabarani, wanaoliona gari likipita, na kwamba nakala zikizagaa jina la Ferrari linashuka. Jaji mmoja alipinga. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ikaenda mbali zaidi, ikalitambua umbo la Ferrari 250 GTO kuwa kazi ya sanaa inayolindwa. Za asili za mwaka 1962 hadi 1964 zilikuwa 36 tu, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 48.

Hapo unaiona tofauti. Ferrari inauza uhaba. Anayenunua anajua ufundi upo, lakini sehemu kubwa ya fedha zake inalipia ile hali ya wengine kutokuwa nacho. Kila nakala inayopita inammega kidogo. Ndiyo maana mwenye Seven anamkaribisha mwenye Locost, na mwenye Ferrari anaita wakili.

Hasira hiyo ya uhaba siishiriki. Ila kwenye magari haya haya ya Fiero kuna jambo ambalo wapinzani wana haki nalo, na ni la kiufundi. Tazama ubavu wa Testarossa, zile fito ndefu zinazotoka mlangoni kuelekea nyuma. Haziko pale kwa urembo. Rejeta za Testarossa zimewekwa nyuma, ubavuni, na zile fito zimefunika midomo mikubwa inayoingiza hewa kwenye rejeta hizo. Umbo lote pana la nyuma limetokana na haja hiyo. Sasa chukua Fiero, ambayo rejeta yake iko mbele kabisa, na yenye injini ndogo ya silinda nne ambayo mwanzoni ilikuwa na nguvu za farasi 92. Ivalishe fito hizo. Hewa inagonga faiba inarudi. Kila mstari wa gari lile unatangaza kitu ambacho ndani hakipo. Hapo mimi pia ninapoa, na sioni aibu kusema hivyo.

Wasomaji wa Nairobi wanalijua hili bila kufika Miami. Subaru Impreza WRX ina tundu juu ya boneti kwa sababu intakula ya tabo, yaani kipoza hewa inayoingia kwenye injini, imekaa juu ya injini na inahitaji upepo. Mtu ananunua Impreza ya kawaida isiyo na tabo, anaibadilishia boneti ili ipate tundu, anabandika beji za STI, anafunga bawa nyuma. Tundu lile halipeleki hewa popote. Na vijana wa Subaru wanajua. Wanafungua boneti, wanatazama, wanafunga, hawasemi kitu, na ukimya wao unatosha. Hata hivyo vipuri vya WRX hiyo hiyo ndivyo Factory Five walivyotumia kubuni gari lao la 818, lenye umbo lake lenyewe, lililopewa jina kutokana na uzito waliokusudia, kilo 818. Injini ile ya Impreza imehamishiwa nyuma ya viti, hakuna beji ya kuazima, hakuna tundu la bure. Natamani siku moja nilione moja likipanda Limuru.

Sisemi kila nakala iwe na injini ya asili. Nakala za Porsche 356 Speedster kwa kawaida zinajengwa juu ya Volkswagen Kobe, na sijawahi kuziona kuwa uongo, kwa sababu 356 yenyewe ilipoanza huko Austria mwaka 1948 ilikuwa imejaa vipuri vya Volkswagen. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, sauti yake ni ya ukoo ule ule. Umbo na mitambo vinakubaliana.

Lipo lingine ambalo watetezi hatulisemi. Magari haya yanakula mengine. MX-5 ya jirani yangu ilikuwa imeoza sakafu, hakuna aliyeililia. Lakini zimekuwepo Ferrari 250 GTE, magari mazuri ya viti vinne yaliyotoka kwa mamia, zilizokatwa ili ziwe nakala za GTO. Gari la kweli, lenye historia yake, linauawa ili lizaliwe linaloiga jingine. Hilo linanichoma. Anayechinja kilicho hai na kinachopungua duniani asiniambie anaupenda ufundi. Achinje kilichokwisha.

Nilimtumia mjomba wangu picha za gari la jirani. Yeye ni fundi bodi wa muda mrefu Mombasa, amejenga bodi za matatu juu ya chesisi za Isuzu tangu sijaanza shule. Nilimweleza kwamba huku kuna watu wanalicheka gari la namna hii eti kwa sababu halikutoka kiwandani. Akanipigia simu.

"Mwanangu, na wao mabasi yao bodi zinaota?"

Nikamwambia, "Mjomba, wanasema gari la kweli ni lile lenye bodi na chesisi vya kampuni moja."

"Basi waambie mimi abiria wangu wote wamepanda gari la uongo. Na wamefika."

Sijawahi kusikia hoja nzuri kuliko hiyo. Afrika Mashariki nzima inasafiri ndani ya kazi ya aina hii. Isuzu inakuja ikiwa kichwa na chesisi tupu, halafu mafundi wanachomelea mabomba ya mraba, wanapiga mabati ribiti, wanafunga viti, wanapulizia rangi, na kesho yake iko barabarani na watu 33. Arusha wanazikata Land Cruiser, wanazirefusha, wanazitoboa paa ili mtalii asimame amtazame simba. Hakuna anayeliita gari la safari feki kwa sababu Toyota haikulirefusha yenyewe. Na Ulaya nayo ilikuwa hivyo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyenunua Rolls-Royce alinunua chesisi na injini, kisha akaipeleka kwa wajenzi wa bodi kama Hooper au Park Ward wamjengee umbo alilotaka. Bodi na chesisi kutoka mlango mmoja ni desturi changa kuliko watu wanavyodhani.

Ndiyo maana ninashindwa kuvumilia heshima yanayopewa magari ya "mwendelezo", yaani ya zamani yanayojengwa upya na kampuni yenyewe. Mwaka 1963 Jaguar walipanga kujenga E-Type nyepesi za mashindano 18, wakajenga 12. Mwaka 2014 wakarudi wakajenga zile sita zilizobaki kwa namba zilizokuwa zimetengwa, kila moja ikikaribia pauni milioni moja. Aston Martin wakafuata na DB4 GT mpya 25, za kuendeshwa kwenye viwanja vya mashindano tu. Kazi ya mikono ya wale mafundi ni ya hali ya juu, sina ubishi nayo. Lakini hayo ni magari yaliyojengwa juzi kwa umbo la miaka ya hamsini na sitini, kama ilivyo Cobra ya yule bwana kwenye maonyesho. Wapenzi wale wale walioita lake feki wanalizunguka la kampuni wakinyamaza kwa heshima. Tofauti iliyopo ni nani mwenye haki ya jina, na haki ya jina ni suala la mawakili. Kama tunapenda magari, macho yetu yaanzie kwenye maungio ya chuma, yaende kwenye breki, yaingie chini ya boneti, ndipo yaangalie beji.

Serikali ya Uingereza, kwa maajabu, imelielewa jambo hili kuliko mashabiki. Gari lililojengwa nyumbani haliingii barabarani kabla ya kupita ukaguzi unaoitwa IVA. Mkaguzi anapita na mpira wa kipimo wenye kipenyo cha milimita 100, na kila ncha ya nje ambayo mpira huo unaigusa lazima iwe imeviringwa, nusu kipenyo cha mduara wake kisipungue milimita 2.5, ili mtu akigongwa asichanwe. Anapima breki, anakagua mikanda, taa, moshi, usukani. Jirani yangu alizungushia ukingo wa mpira hata mabano ya taa. Hakuna sehemu ya fomu inayouliza kama gari linafanana na jingine.

Kisha inakuja namba ya usajili. Gari lililochanganya vipuri vya zamani ambavyo umri wake hauwezi kuthibitishwa linapewa namba inayoanza na herufi Q. Wajenzi wengi wanaichukia Q. Wanasema inashusha bei na inamwambia kila dereva wa nyuma kwamba hili ni la kujiundia. Wapo wanaohangaika kubakisha karatasi za gari la zamani ili namba yake ya mwaka 1966 ikae juu ya faiba ya mwaka jana. Hapo ninawaacha wenzangu. Huwezi kuwalaumu wanaokuita mwongo huku unatafuta namba ya kumdanganya mtu atakayelinunua gari baada yako. Ulaghai wa kweli katika ulimwengu huu uko kwenye karatasi na kwenye vibati vya namba za chesisi, na anayeumia ni mnunuzi wa tatu au wa nne, ambaye hakuwahi kumjua mjenzi. Umbo ukiiga, mtu akiuliza utamjibu. Karatasi ikidanganya, inaendelea kudanganya hata wewe ukishakufa.

Langu nimeshaanza kulikusanyia vitu. Litakuwa la mtindo wa Seven, kwa vipuri vya MX-5, kwa sababu hiyo ndiyo familia ya magari ninayoweza kuitazama usoni. Fremu nimeagiza ikiwa imechomelewa, maana uchomeleaji wangu haujafikia kiwango cha kubeba mtu kwenye barabara kuu. Alumini nitapiga mwenyewe. Mjomba anataka nimtumie vipimo vya bomba la nyuma, anasema ana wazo la namna ya kuliimarisha bila kuongeza uzito, na namwamini kuliko kijitabu chochote. Pua haitakuwa na beji ya mtu. Namba ikija na Q, nitaifunga mbele na nyuma.